Kurekodi Sintesaiza Ikae Ndani ya Biti: Mwongozo Kamili kwa Studio Ndogo za Kigoma

Biti imepangwa vizuri ndani ya kompyuta, sintesaiza imechomekwa, besi imepigwa, na wakati wa kupiga kila kitu kilisikika kimekaa. Ukirudisha nyuma kusikiliza, besi inaburuta nyuma ya kiki, ile ngoma nzito ya chini. Wengi hapo huanza kurudia kupiga mara kumi, au huivuta traki kwa macho mpaka ionekane imekaa, kisha traki inayofuata inakuja na tatizo lilelile. Kabla ya kulaumu vidole, pima mitambo. Ni kazi ya saa moja, na haihitaji kifaa cha ziada zaidi ya waya mmoja.

Tatizo la muda lina sura mbili, na dawa zake hazifanani. Ya kwanza ni kuchelewa: sauti inafika nyuma kwa kiasi kilekile kila mara, tuseme milisekunde 12. Hiyo inatibiwa kwa namba moja unayoiandika kwenye programu. Ya pili ni kuyumba: pigo moja limechelewa milisekunde 3, linalofuata 11, jingine 6. Hapo kusogeza traki hakusaidii, maana ukiliweka sawa pigo moja unaliharibu jingine. Kuyumba kunatafutiwa chanzo chake. Kwa hiyo kwanza tenganisha hayo mawili, ndipo uguse chochote.

Ukubwa wa kosa unategemea pia mwendo wa wimbo. Pigo moja lina milisekunde 60,000 gawanya kwa BPM, yaani idadi ya mapigo kwa dakika. Gawanya tena kwa nne upate robo ya pigo, yaani hatua moja ya mashine ya hatua 16. Kwenye wimbo wa BPM 95 hatua hiyo ni milisekunde 158. Kwenye singeli ya BPM 210 ni milisekunde 71 tu. Kuchelewa kwa milisekunde 20 ambako kwenye wimbo wa taratibu kunapita kama uvivu mtamu, kwenye singeli kumekula zaidi ya robo ya hatua, na msikilizaji anasikia mtu aliyejikwaa.

Vifaa

Kompyuta yenye programu ya kurekodia: FL Studio, Reaper, Cubase au Ableton Live, yoyote inafaa. Kadi ya sauti ya nje, hata ndogo ya matundu mawili. Tundu la hedifoni la laptop halitoshi: kwenye Windows, sauti ya ndani isiyo na ASIO, draiva inayopunguza kuchelewa kwa sauti, huchelewa sana. Ukichagua kadi, angalia kama ina matundu ya MIDI, njia ambayo vyombo na kompyuta hutumiana amri za noti na saa. Behringer UMC204HD inayo; Focusrite Scarlett 2i2 haina, hivyo utahitaji kifaa cha MIDI cha USB pembeni.

Halafu chombo chenyewe. Inaweza kuwa Korg Volca, inaweza kuwa sintesaiza kubwa, na mara nyingi ni kinanda cha Yamaha PSR kilichoazimwa kwenye kwaya, ambacho lazima kirudi kabla ya ibada ya Jumapili. Vyote vinarekodika vizuri. Ila ujue kwamba vinanda vya PSR-E vya miaka ya karibuni havina tundu la MIDI la pini tano. Vina tundu la USB linaloandikwa TO HOST, na hilo linazungumza na kompyuta tu. Huwezi kuliunganisha moja kwa moja na mashine ya ngoma.

Nyaya nyingi hizi hupatikana Kariakoo, na kuzingoja zifike Kigoma kwa basi au treni ni siku kadhaa za kazi kusimama. Agiza mbilimbili. Waya wa MIDI wa pini tano unaweza pia kutengenezwa na fundi redio yeyote wa Mwanga anayeshika bunduki ya lehemu vizuri: pini ya 4 kwenda pini ya 4, ya 5 kwenda ya 5, na shildi kwenye pini ya 2. Pini 1 na 3 zinaachwa tupu. Usizidishe mita 15.

Milisekunde zinapotelea wapi

Kadi ya sauti haipeleki sauti tone kwa tone. Inaijaza kwenye bafa kwanza, kisha inaimwaga. Kwa kasi ya sampuli 44,100 kwa sekunde (sampuli ni kipimo kimoja kidogo cha sauti), bafa ya sampuli 128 ni milisekunde 2.9, ya 256 ni 5.8, ya 512 ni 11.6, na ya 1,024 ni 23.2. Hiyo ni njia moja. Sauti inayoingia na kutoka hulipa mara mbili, pamoja na kiasi kidogo cha kubadilisha umeme kuwa namba na namba kuwa umeme.

Waya wa MIDI una foleni yake. Unapeleka biti 31,250 kwa sekunde (hizi ni bit za kompyuta, si biti ya muziki), tangu kiwango hicho kilipoanza mwaka 1983 mpaka leo, na ujumbe wa noti moja unachukua karibu milisekunde 1. Kodi (chord) ya noti nne, yaani noti zinazopigwa pamoja, haifiki kwa mkupuo: noti ya nne inaweza kuwa nyuma ya ya kwanza kwa milisekunde 3. Kwa kodi hakuna atakayelalamika. Lakini ukipitisha kiki, besi na kodi kwenye waya uleule, kiki ndiyo inayosubiri foleni iishe.

Hewa nayo ina ushuru. Sauti inatembea karibu mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo spika iliyo mita 2 kutoka sikioni imekuchelewesha milisekunde 6 kabla hujagusa kinanda. Rekodi kwa hedifoni.

Hatua ya 1: Chomeka

Toa sauti kwenye sintesaiza kwa waya wa jeki kubwa hadi tundu la laini la kadi. Kama kadi ina kitufe cha INST na LINE, weka LINE. INST ni kwa gitaa, na sauti ya sintesaiza itapasuka. Kinanda chenye tundu moja lililoandikwa PHONES/OUTPUT kinatoa sauti ya stereo, hivyo kinahitaji waya wenye jeki moja ya stereo upande mmoja na jeki mbili za mono upande wa kadi. Ukichomeka jeki ya mono pale, upande wa kulia unashotishwa. Sauti ya kinanda iweke kwenye theluthi mbili, kisha rekebisha kwa nobu ya kadi mpaka kilele kiguse kati ya -12 na -6 dB. Rekodi kwa biti 24 na usihangaike zaidi ya hapo.

Kwa MIDI, OUT ya mmoja inaingia IN ya mwenzake. Nyaya za bei nafuu za USB kwenda MIDI huwachanganya watu: kwenye nyingi, kichwa kilichoandikwa IN ndicho kinachoingia kwenye OUT ya sintesaiza, kwenye nyingine ni kinyume. Kama hakuna kinachoingia, badilisha vichwa kabla ya kutangaza kwamba waya umekufa. Nyaya hizo ni za kutilia shaka pia kwa kuyumba, na hatua ya 3 itakuambia kama wako ni mmojawapo.

Vifaa vidogo vinavyotumia jeki ndogo badala ya pini tano vina mipangilio miwili ya waya, aina A na aina B. Korg ni A. Aina A ndiyo iliyopitishwa kuwa rasmi mwaka 2018, lakini vifaa vya zamani vya Arturia na Novation ni B. Adapta ya aina isiyo yake haiunguzi kitu. Inakaa kimya tu.

Hatua ya 2: Pima kadi ya sauti

Hiki ndicho kipimo ambacho studio nyingi hazijawahi kukifanya, na ndicho kinachomaliza nusu ya malalamiko.

Chukua waya mfupi wa jeki, toa kwenye OUT 1 ya kadi na uingize kwenye IN 1 ya kadi hiyohiyo. Zima usikilizaji wa tundu hilo, ndani ya programu na kwenye kitufe cha kadi, la sivyo sauti itazunguka na kupiga mbinja. Punguza spika. Fungua mradi mpya wa BPM 120, weka kwenye traki ya kwanza sauti kali na fupi, kama fimbo za ngoma au kliki, mwanzo kabisa wa kila pigo kwa baa nne (baa moja ni mapigo manne). Iwe faili la sauti lililoanza bila ukimya mbele. Lipanue uone wimbi linaanza mstarini kweli. Rekodi traki ya pili kutoka IN 1.

Sasa panua mpaka uone sampuli mojamoja. Linganisha pale wimbi la kwanza linaponyanyuka kwenye traki ya asili na pale linaponyanyuka kwenye iliyorekodiwa. Fanya hivyo kwa mapigo matano au sita. Namba zitafanana karibu kabisa, kwa sababu kosa la kadi ni kuchelewa, halina kuyumba. Tuseme umepata sampuli 220 nyuma. Kwa 44,100 hizo ni milisekunde 5.

Kwenye Reaper nenda kwenye mapendeleo, sehemu ya Audio, kisha Recording. Acha alama kwenye "Use audio driver reported latency", halafu andika sampuli 220 kwenye kisanduku cha "Output manual offset". Ableton Live inaita marekebisho hayo "Driver Error Compensation", na yako kwenye ukurasa wa Audio. Kwenye FL Studio njia iliyo rahisi ni kusogeza klipu baada ya kurekodi: shikilia Alt ili isinase kwenye gridi, ile mistari ya mapigo, uivute kushoto (iwe mapema) kiasi ulichopima, na uandike namba hiyo kwenye karatasi uibandike mezani. Rudia kipimo. Kama tofauti imeongezeka maradufu badala ya kufutika, geuza alama ya namba. Ukifika chini ya sampuli 10, umemaliza.

Namba hiyo ni ya kadi ile, draiva ile na kasi ile ya sampuli. Ukibadilisha kimojawapo, pima tena. Kadi zinazotegemea ASIO4ALL kwenye Windows, kama Behringer UMC22, pima pia kila unapobadilisha bafa, kwa sababu kuchelewa zinakoripoti mara nyingi hakulingani na hali halisi.

Hatua ya 3: Pima sintesaiza

Ondoa waya wa kuzungusha, rudisha sintesaiza. Chagua sauti fupi na kali: ataki (muda wa sauti kupanda) iwe sifuri, filta iwe wazi, bila rivabu wala dilei. Kwenye programu andika noti moja ya MIDI kwenye kila robo ya pigo kwa baa mbili, jumla noti 32, uitume sintesaiza ipige yenyewe, na urekodi sauti.

Pima umbali wa kila pigo kutoka gridi. Huna haja ya kupima yote 32 kwa usahihi. Tafuta lililochelewa kidogo kuliko yote na lililochelewa sana kuliko yote. Tofauti kati yao ndiyo kuyumba. Kiwango cha kati ndicho kuchelewa.

Ikiwa yote yako kati ya milisekunde 4 na 6, una mtambo mzuri: kuchelewa 5, kuyumba 2. Isogeze traki kushoto (iwe mapema) milisekunde 5 na uendelee na maisha. Ikiwa yametawanyika kati ya 3 na 15, usisogeze chochote. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja na upime tena, kwa mfuatano huu: chomoa waya wa USB kwenye habu uuchomeke moja kwa moja kwenye laptop, weka Windows kwenye hali ya nguvu kamili, maana laptop inayobana matumizi ya betri inaweza kuyumbisha MIDI, zima Wi-Fi, ondoa ujumbe wa mgandamizo wa vidole (aftertouch), ambao hujaza waya wa MIDI hata kama sauti uliyochagua hauutumii, kisha badilisha waya wa USB-MIDI wenyewe. Ukipitisha MIDI kwenye vifaa vitatu au vinne kwa mnyororo wa THRU (tundu linalopitisha MIDI iliyoingia kwenda kifaa kinachofuata), pima cha mwisho peke yake, halafu kichomeke moja kwa moja upime tena.

Kuna sintesaiza zinazoyumba kwa asili, hasa za zamani ambazo ubongo wake mmoja unasoma vitufe, unawasha taa na kupokea MIDI kwa zamu. Hizo hazina dawa ya waya. Zipige kwa mkono, au rekodi sehemu fupi iliyokaa vizuri uifanye lupu.

Hatua ya 4: Saa iwe moja

Mashine yenye sikwensa yake, inayojipigia mfuatano wa noti, kama mashine ya ngoma, Volca au kinanda chenye mitindo ya kujipiga, lazima ifuate saa ya mwingine. Kuandika BPM 120 kwenye vyote viwili na kubonyeza PLAY kwa pamoja hakutoshi. Mashine inayotembea kwa 119.8 huku kompyuta ikienda kwa 120 itakuwa nyuma kwa milisekunde 300 baada ya dakika tatu.

Kawaida kompyuta inakuwa mkuu na kutuma saa ya MIDI, mapigo 24 kwa kila pigo la wimbo. Kwenye FL Studio washa "Enable MIDI master sync" kwenye menyu ya Options, kisha kwenye mipangilio ya MIDI chagua tundu la kutokea na uwashe "Send master sync". Kwenye mashine, badilisha saa iwe ya nje. Kwenye Yamaha PSR ni "External Clock", ndani ya Function. Usisahau kuirudisha kabla kinanda hakijarudi kanisani. Saa ikiwa ya nje na hakuna kompyuta, mitindo haitembei, na mpiga kinanda wa kwaya atajua hivyo mbele ya waumini.

Acha baa mbili tupu mwanzoni mwa wimbo. Mashine nyingi hujikwaa kidogo zinapopokea amri ya kuanza, kisha zinatulia. Rekodi kuanzia baa ya tatu. Kama mashine yote inachelewa kwa kiasi kilekile, Ableton ina kisanduku cha "MIDI Clock Sync Delay" kwa kila tundu. Programu isiyo nacho, sogeza traki.

Saa ya MIDI inayotoka kwenye kompyuta huyumba pamoja na kompyuta. Kwa vifaa vya Korg Volca na vingine vyenye tundu dogo la SYNC kuna njia bora, nayo ni ya bure: tuma saa kama sauti. Volca inasogea hatua mbili kwa kila pigo moja la umeme, na inataka mapigo mawili kwa kila pigo la wimbo. Tengeneza faili la sauti lenye wimbi la mraba la milisekunde 10, kwa ujazo wa juu kabisa, na uliweke kila nusu ya pigo. Kwa BPM 120 ni kila milisekunde 250. Peleka muziki wote upande wa kushoto na mapigo hayo upande wa kulia. Kutoka OUT 2 chomeka waya wa mono hadi SYNC IN ya Volca. Fungua nobu ya OUT mpaka mwisho, bonyeza PLAY kwenye Volca, itasubiri. Cheza wimbo, itaondoka nayo.

Kwa kuwa mapigo yametoka kwenye kadi pamoja na muziki wenyewe, hakuna foleni ya MIDI wala USB ya kuyumbisha. Ikiruka hatua, umeme ni mdogo. Jaribu tundu la hedifoni. Ikihesabu pigo moja mara mbili, punguza sauti au fupisha wimbi. Ikichelewa milisekunde 10 kamili, inashika mwisho wa wimbi badala ya mwanzo: geuza wimbi juu chini. Kadi ya matundu mawili itakutumia mapigo hayo kwenye sikio la kulia la hedifoni, tak-tak-tak mfululizo, kwa hiyo vaa upande wa kushoto tu. Mwenye UMC204HD ana matundu manne ya kutokea, anatumia la tatu na kusikiliza kwa raha.

Jambo moja zaidi kwa wanaochanganya sintesaiza na ngoma za hesabu ya tatu, ambazo mguu unakanyaga mara nne na kila kanyagio lina vipande vitatu. Mashine ya hatua 16 haiijui hesabu hiyo. Usilazimishe. Punguza urefu wa mzunguko uwe hatua 12, weka mradi kwenye 3/4, na BPM ya mradi iwe robo tatu ya kasi ya mguu. Mguu ukienda kwa 120, andika 90. Kila hatua tatu zinatoa kanyagio moja, hatua 12 zinajaza baa moja kamili, na saa ya MIDI haijui kwamba umeidanganya.

Hatua ya 5: Kupiga kwa mkono

Sikiliza sintesaiza moja kwa moja kutoka kwenye kadi, kwa kitufe cha DIRECT au nobu ya MIX, na uzime kusikiliza kupitia programu. Sababu ni hii. Ukiisikia sintesaiza papo hapo na muziki kupitia kadi, unapiga pamoja na unachokisikia, na programu inajua kiasi cha kurudisha nyuma kwa sababu umeipa namba kwenye hatua ya 2. Ukiisikia sintesaiza kupitia kompyuta, yenyewe inakujia imechelewa, na vidole bila wewe kujua vinaanza kutangulia ili sauti ikae. Programu haijui kuhusu vidole vyako. Matokeo ni traki inayokimbia mbele ya biti. Mtu ambaye traki zake zote ziko mbele kidogo, mara nyingi hana haraka. Anasikiliza njia isiyo sahihi. Kama huna budi kusikiliza kupitia kompyuta, shusha bafa hadi 64 au 128 wakati wa kurekodi, uipandishe wakati wa kuchanganya.

Zima Local, mpangilio unaounganisha vitufe vya sintesaiza na sauti yake yenyewe, ikiwa unarekodi MIDI yake na kuirudishia papo hapo. La sivyo kila noti inalia mara mbili, moja ya kitufe na moja iliyozunguka kwenye kompyuta, na unasikia sauti nyembamba yenye kupepesuka. Vinanda vingi husahau mpangilio huu vikizimwa.

Kliki ya "pi" kali ni mwalimu mbaya kwa mkono. Badala yake cheza kiki na sheka za wimbo wenyewe. Kwa wimbo wa taratibu, BPM 60 hadi 75, ongeza sheka kila robo ya pigo, kwani nafasi kati ya mapigo ni ndefu na mkono unapotea katikati. Kwa singeli fanya kinyume: kliki ya nusu mwendo, BPM 105 kwa wimbo wa 210, vinginevyo unafukuzana na kliki badala ya kupiga.

Sauti za pedi zinazopanda polepole zina mtego wake. Ataki ya milisekunde 80 inamfanya mpigaji atangulie ili asikie sauti imefika kwenye pigo. Hilo ni sahihi, ndivyo pedi inavyopigwa. Usiikwantaizi kwenye gridi baadaye, utaichelewesha upya. Besi na sauti kali ndizo zinazokaa gridini.

Rekodi MIDI na sauti kwa wakati mmoja, kila mara. Sauti ndiyo kazi. MIDI ni bima. Noti moja ikiharibika kwenye baa ya 20, unairekebisha kwenye MIDI na kuirudishia sintesaiza ipige kipande hicho, mradi mipangilio ya sauti hujaigusa.

Baada ya kurekodi baa 16, angalia mapigo yako yanaangukia wapi. Kama yote yako mbele kwa milisekunde 10 hadi 15 kwa uthabiti, hiyo ni tabia ya mkono wako. Sogeza traki nzima na umeshamaliza. Kama yametawanyika pande zote, rudi upige polepole. Sebene nzuri ya gitaa kutoka ng'ambo ya ziwa haijakaa gridini hata mara moja, ila mtawanyiko wake ni mdogo na unarudi palepale kila mzunguko. Hicho ndicho cha kutafuta kwenye kinanda pia.

Apejieta, kipengele kinachozipiga noti za kodi mojamoja kwa mfuatano, isipigwe kwa mkono wakati wa kurekodi. Kwenye sintesaiza nyingi inaanza pale kidole kinapogusa, kwa hiyo kosa lako la milisekunde 25 kwenye noti ya kwanza linabebwa mpaka mwisho wa sehemu. Andika noti zake kwenye programu, mwanzo wa baa, na uziruhusu ziende zenyewe.

Yanayoharibika, na kwa nini

Traki inaanza sawa na kuachana taratibu: saa mbili tofauti. Ama mashine haifuati saa ya nje, ama unatumia kadi mbili za sauti kwa pamoja. Kila kadi ina saa yake na hazitalingana kamwe kwa wimbo wa dakika nne.

Traki inacheza haraka na juu kwa karibu nusu toni moja na nusu: ilirekodiwa kwa 44,100 na inachezwa kwa 48,000. Chagua moja, uiweke kwenye programu, kwenye draiva na kwenye mipangilio ya sauti ya Windows.

Mashine inakimbia mara mbili au inatetemeka kama kichaa: saa inazunguka. Kompyuta inatuma, mashine inarudisha, kompyuta inatuma tena. Zima utumaji wa saa upande wa mashine.

Mvumo mzito usiokoma: chomoa chaja ya laptop na usikilize. Ukikoma, ni mzunguko wa ethi kati ya chaja na sintesaiza. Vichomeke vyote kwenye ekstensheni moja yenye ethi ya kweli. Ikishindikana, rekodi kwa betri huku ukikumbuka kuirudisha Windows kwenye nguvu kamili, maana ikichomolewa inaweza kujibadilisha yenyewe. Dawa ya kudumu ni DI boksi, kisanduku cha kutenganisha ethi za vifaa viwili, kati ya sintesaiza na kadi.

Sintesaiza ya analogi inapanda na kushuka noti: joto. Iwashe nusu saa kabla, ndipo uitune, na isikae mbele ya feni inayozunguka wala dirishani mchana wa Kigoma.

Umeme umekatika katikati ya kazi. Ukirudi, usianze kurekodi papo hapo. Subiri utulie kabla ya kuwasha sintesaiza, kisha kagua mambo manne kwa mfuatano: Local, saa ya nje, BPM, na sauti uliyochagua. Fungua programu uone kama kadi imerudi kwenye bafa na kasi ileile. Kisha rekodi baa mbili za noti fupi kama kwenye hatua ya 3 na uzilinganishe na namba iliyobandikwa mezani. Zikitofautiana kwa zaidi ya milisekunde 2, kuna mpangilio uliopotea. Utafute kabla hujamwita mwimbaji kurudi kwenye maiki.